Pesa isingekuwa tatizo: Magari 5 ya ndoto kwa mkazi wa Arusha

Mitandaoni, gari la ndoto huwa jekundu, limelala chini kama mkeka na milango yake inafunguka kwenda juu. Arusha mambo ni tofauti kidogo. Lami ikiisha unakutana na matope meusi ya miteremko ya Mlima Meru, vumbi la Oldonyo Sambu na mawe ya barabara za hifadhini.

Ndiyo maana hapa gari hupimwa kwa maswali matatu: Litapita? Fundi analijua? Na likiamka asubuhi, litaingiza hela?

Haya ni magari matano ambayo mtu wa Arusha angeyafikiria kama pesa isingekuwa tatizo.

1. Toyota Land Cruiser 'mkonga'

Hili ndilo gari la mji huu. Jina 'mkonga' limetokana na bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni ya kioo cha mbele, mfano wa mkonga wa tembo. Kazi yake ni kuhakikisha injini inavuta hewa ya juu, mbali na vumbi na maji ya mtoni.

Familia yake, maarufu kama 70 Series, ilitoka Japan Novemba 1984 na mpaka leo bado inatengenezwa. Injini inayopendwa sana na mafundi ni 1HZ: dizeli, silinda 6, cc 4,164, haina turbo. Haina mbio, lakini haina pia mambo mengi ya kompyuta. Ikigoma katikati ya Serengeti, fundi mwenye spana na akili anaweza kuiamsha.

Kuna jambo jingine linalolifanya liwe la Arusha hasa. Gereji za hapa hukata chesesi na kulirefusha, kisha huongeza viti na kuweka paa la kufunguka ili mtalii asimame na kamera yake. Gari lililotoka kiwandani kubeba mizigo au askari linaondoka gereji likiwa gari la safari.

Siku hizi hata umeme umeingia. Mwaka 2018 kampuni ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kupeleka watalii hifadhini kwa magari ya safari yanayotumia umeme.

2. Land Rover Defender 110

Kabla ya Toyota kutawala, porini alikuwa Land Rover. Ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948, na jina Defender lilianza kutumika mwaka 1990. Defender ya zamani ilikoma kutengenezwa Januari 29, 2016 kiwandani Solihull, Uingereza. Hii mpya ilizinduliwa mwaka 2019 na inaundwa Slovakia.

Mashabiki wa Arusha wengi wanaitaka ile ya zamani, hasa yenye injini ya 300Tdi. Bodi yake ni ya aluminiamu, hivyo haili kutu kirahisi. Chesesi ndiyo ya chuma, na hapo ndipo pa kukagua kwanza ukiuziwa.

Mapenzi haya yalionekana Oktoba 2024, wakati wa Land Rover Festival iliyofanyika Arusha. Mamia ya Land Rover kutoka ndani na nje ya nchi yalijaa mjini, mengine ya umri wa babu. Lengo lilikuwa kuipita rekodi ya dunia ya Guinness iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, msafara wa Land Rover 632.

3. Toyota Land Cruiser 300

Hili ni 'shangingi' la kizazi kipya. Lilizinduliwa Juni 2021 kuchukua nafasi ya 200 Series, ile ambayo wengi wanaiita V8. Ajabu ni kwamba 300 haina V8 kabisa. Ina V6, zikiwemo za turbo mbili: petroli ya lita 3.5 na dizeli ya lita 3.3.

Kwa nini linaotwa? Linaweza kumpeleka bosi kwenye kikao AICC asubuhi, na jioni likapanda kijijini Nkoaranga kwenye mvua bila kumchafua viatu. Tatizo ni kwamba si kila fundi wa chini ya mwembe ataligusa. Vitambuzi ni vingi na bila mashine ya kusoma kompyuta ya gari mtabaki mnatazamana.

4. Mercedes-Benz G-Class

Kwa anayetaka heshima na porini kwa pamoja, hili hapa. Lilianza kutengenezwa mwaka 1979 huko Graz, Austria, na umbo lake la boksi halijabadilika sana. Sifa yake kubwa haionekani kwa macho: difu tatu zinazoweza kufungwa, ya mbele, ya kati na ya nyuma. Hata likibaki na tairi moja tu yenye mshiko, linaweza kujivuta.

Mwaka 2024 ilitoka pia G-Class ya umeme yenye mota nne, moja kwa kila tairi, inayoweza kujizungusha papo hapo ilipo. Lakini tuseme ukweli: wengi wanaolinunua duniani hawalitoi kwenye lami. Kwa Arusha hilo lingekuwa sawa na kununua gumbuti ukavalia harusini.

5. Peugeot 404 na Datsun 240Z

Hii ni ndoto ya wazee na wapenzi wa mbio. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na ikawa kipimo cha dunia cha uimara wa gari. Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mara mbili mfululizo akiwa na Peugeot 404, mwaka 1966 na 1967. Datsun 240Z ikafuata na ushindi wa 1971 na 1973.

Kupata 240Z safi leo ni kazi, na spea zake utaziagiza kwa uvumilivu. Ila ukipita nayo Sakina Jumapili jioni, hakuna atakayeangalia G-Class.

Je, Bugatti?

Bugatti Chiron ina nguvu farasi 1,500 na ilifungiwa mwendo wa kilomita 420 kwa saa. Ukomo wa mwendo maeneo ya makazi Tanzania ni kilomita 50 kwa saa. Hapo bado hujakutana na tuta la kwanza.

Kodi nayo inaota

Pesa ikiwa si tatizo, kodi si tatizo. Kwa wengine wote, hesabu ndiyo hii. Chukua gari la mtumba lenye injini ya zaidi ya cc 2,000 na umri wa zaidi ya miaka 10, ambalo TRA imelithaminisha kwa Sh100 milioni hadi kufika bandarini:

- Ushuru wa forodha asilimia 25: Sh25 milioni
- Ushuru wa bidhaa asilimia 10: Sh12.5 milioni
- Ushuru wa uchakavu asilimia 30: Sh37.5 milioni
- VAT asilimia 18: Sh31.5 milioni

Jumla ya kodi ni Sh106.5 milioni, kabla ya tozo ndogondogo na usajili. Yaani unanunua gari moja, unalipia mawili. Viwango huweza kubadilika kila bajeti, hivyo angalia kikokotoo cha TRA kabla ya kutuma hela Japan.

Ndoto yenye kazi

Ukirudi kwenye yale maswali matatu, ni mkonga pekee linalojibu yote kwa ndiyo. Na hapo ndipo ndoto ya Arusha inapoacha kuwa ya kujionyesha.

Dereva anayepeleka watalii hifadhini analijua gari lake kuliko mtu yeyote. Anajua linavyolia likitaka grisi na anajua gia ya kushukia kreta ya Ngorongoro, ambako gari lisiloendeshwa kwa magurudumu yote manne haliruhusiwi. Lakini mara nyingi kadi ya gari ina jina la bosi. Msimu ukiwa mzuri, faida ni ya mwenye gari. Ikifika Aprili na Mei, mvua zikikata wageni, dereva anakaa nyumbani akisubiri simu.

Kwake yeye, gari la ndoto halihitaji kuwa jipya. Linaweza kuwa la mwaka 1998, limerefushwa Arusha na kupakwa rangi mara tatu. Muhimu ni jina lililo kwenye kadi.