Enzi Ipi Inayotamaniwa? Hamu ya Kale katika Mpaka wa Busia na Tororo

Ikisiri

Makala hii inachunguza hamu ya kale katika eneo la mpaka wa Kenya na Uganda, hususan Busia na Tororo. Hoja yake kuu ni kwamba kauli "zamani hapakuwa na mpaka" hukusanya enzi tatu zisizofanana, na kila enzi hutamaniwa kwa sababu yake. Utafiti na sera visipozitenganisha, kumbukumbu hugeuzwa kuwa hati ya madai, na mahitaji ya leo hubaki bila kusikika.

1. Utangulizi

Mwaka 1688, daktari Johannes Hofer aliwasilisha mjini Basel tasnifu kuhusu watu waliodhoofika ugenini kwa kutamani kwao. Humo ndimo alimobuni istilahi ya nostaljia. Mgonjwa wa Hofer alikuwa ameondoka nyumbani. Hali ya Busia na Tororo ni tofauti: wengi wa wanaoitamani kale hawakuhama. Mpaka ndio uliowafuata walipo.

Utamaduni wa Kiswahili una njia zake za kuizungumzia hali hii. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, unayatazama magofu ya Pate ili kuuonya moyo usiambatane na dunia. Hauwaiti wasomaji wairudishe fahari iliyopita. Redio nazo zimelipa neno "zilizopendwa" maana ya nyimbo za miongo iliyopita, na neno lenyewe linakiri kwamba wakati wake umepita. Naye Svetlana Boym, katika kitabu chake cha mwaka 2001, alitofautisha hamu inayotaka kuijenga upya kale na hamu inayoitafakari. Tofauti hiyo ina uzito wa pekee mpakani, kwa kuwa hapo kuijenga upya kale ni kugusa ardhi na utawala.

2. Enzi ya kwanza: kabla ya 1902

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, Himaya ya Uganda ilienea mashariki hadi Bonde la Ufa, karibu na Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902, Mkoa wake wa Mashariki ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Sababu mojawapo ilikuwa kuiweka reli chini ya utawala mmoja. Amri ya mwaka 1926 ikaufafanua mpaka huo kwa maandishi. Wasamia na Wateso wakajikuta pande zote mbili. Mfano unaojulikana ni wa ukoo wa Awori: Moody Awori alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya kuanzia 2003 hadi 2008, ilhali nduguye, Aggrey Awori, aligombea urais wa Uganda mwaka 2001.

Hata hivyo, enzi hiyo haikuwa ya utulivu usio na mipaka. Historia zilizoandikwa mara baada ya uhuru, zikiwemo ya John Osogo kuhusu Waluhya (1966) na ya Bethwell Ogot kuhusu Wajaluo wa kusini (1967), ambayo inawahusu pia Wapadhola, zimejaa habari za kuhama, kupigana na kusukumana. Kisha kukaja majeshi ya Semei Kakungulu, yaliyoiteka Bukedi kwa niaba ya Waingereza. Kinachotamaniwa katika enzi hii, basi, si amani. Ni uwezo wa ukoo kuoa, kuzika na kulima bila kuomba ruhusa ya serikali mbili.

3. Enzi ya pili: reli, sarafu na Jumuiya

Hapa pana jambo la hesabu ambalo hupuuzwa mara nyingi. Hakuna aliye hai anayekumbuka mwaka 1902. Mzee anaposema kwamba aliona kwa macho yake wakati usio na mpaka, wakati anaousema ni wa baadaye, na mpaka ulikuwapo kisheria.

Wakati huo ulikuwa na mihimili inayotajika. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na shilingi yake ilitumika pande zote mbili mpaka kila nchi ilipotoa sarafu yake mwaka 1966. Reli iliyopita Tororo ilifika Kampala mwaka 1931, na Tororo ikawa njiapanda ya tawi la kwenda Mbale na Soroti. Mkataba wa mwaka 1967 uliviweka reli, posta na huduma nyingine chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977.

Mihimili hii mingi ilitokana na ukoloni. Kwa hiyo hamu ya enzi hii si hamu ya kuishi bila dola. Ni hamu ya taasisi zilizofanya kazi kiasi kwamba mpaka haukuhisiwa.

4. Enzi ya tatu: magendo

Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, biashara nchini Uganda ilidorora. Sukari, chumvi na sabuni zikatafutwa Kenya. Kahawa ikavushwa kwa njia za panya. Bei ya kahawa duniani ilipopaa kufuatia baridi kali iliyoharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975, soko la Chepkube, upande wa Bungoma, likavuma. Neno "boda boda" lenyewe husimuliwa kuwa lilizaliwa mpakani, kutokana na wenye baiskeli waliovusha abiria na mizigo kutoka kituo kimoja hadi kingine.

Wapo wanaoikumbuka enzi hii kama wakati wa neema, na wapo wanaoikumbuka kwa hofu ya askari. Wanaoitamani hawautamani wakati usio na mpaka, kwa kuwa tofauti ya bei baina ya pande mbili ndiyo iliyowalisha.

5. Hamu inapogeuka dai

Februari 1976, Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ya Uganda, akirejelea mipaka ya kabla ya 1902. Kenya ilipinga vikali, naye akarudi nyuma. Tukio hilo linaonyesha kwamba hata dola huweza kuitamani kale, na kwamba tarehe inayochaguliwa huamua nani atapoteza ardhi.

Mantiki hiyo hiyo imo katika mgogoro wa Tororo. Wilaya ya Busia ya Uganda ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Tangu hapo, madai ya Wateso ya kupata wilaya yao yamekwamishwa hasa na swali la manispaa ya Tororo: iwe upande wa Wateso au wa Wapadhola? Kila upande huleta masimulizi ya nani alitangulia kufika. Masimulizi hayo ni ushahidi halali wa historia ya uhamaji, lakini hayakutungwa ili yawe ramani za wilaya. Kila kizazi cha wahamaji kilimkuta mwingine, na anayeanza hesabu mahali panapomfaa hushinda kila mara.

6. Hitimisho

Hatua za karibuni zimegusa zaidi mahitaji ya enzi ya pili. Tangu 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wameweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kituo cha Utoaji Huduma kwa Pamoja cha Busia kilizinduliwa na marais wa nchi zote mbili mwezi Februari 2018. Lakini mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, mpaka ulifungwa kwa abiria huku malori ya mizigo yakiendelea kupita. Hapo ilidhihirika kwamba mizigo ilikuwa na haki ya kuvuka kuliko jamaa aendaye mazishini.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, watafiti wa masimulizi ya mpakani waandike tarehe na jambo mahususi linalotamaniwa, badala ya kuridhika na neno "zamani". Pili, masimulizi ya kutangulia kufika yasitumiwe peke yake kugawa wilaya. Swali la huduma kwa wakazi wa sasa litangulie. Tatu, taratibu za dharura za kufunga mpaka zitambue safari za kifamilia, hasa mazishi na matibabu, kama zinavyotambua mizigo.

Hamu ya kale ikisikilizwa hivyo, huwa ushahidi wa kile ambacho wakazi wa mpakani wanakosa leo.