Flamingo wa Bogoria Alisikika Ufaransa. Moyo wa Shosho Je?

Wasee, leo sina drama. Nina historia, na inaanzia jikoni kwa shosho, huku Bahati.

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya umeme na elektroniki. Karo ilikuwa sababu moja, uvivu wangu ulikuwa ya pili, na siwaambii ni gani ilikuwa kubwa. Lakini nilitoka na kitu kimoja kichwani: osileta. Ni sakiti ndogo inayochukua umeme tulivu wa betri na kuufanya ucheze huku na huku, mamilioni ya mara kwa sekunde. Transista moja, koili, kapasita mbili, rezista kadhaa. Bila hiyo hakuna redio, hakuna simu, hakuna waifai.

Yangu niliisukia koili kwenye kalamu ya Bic. Nilitaka mapigo ya mshipa wa shosho yasikike kwenye redio upande wa pili wa chumba. Mezani ilifanya kazi poa. Nikaifunga mkononi mwake, ikahama stesheni. Nikaitafuta, nikaipata, akasogeza mkono, ikahama tena. Shosho akacheka: "Kwani imenikataa?"

Haikumkataa. Mwili ni maji na chumvi, na ukiusogeza karibu na koili unakuwa sehemu ya sakiti, kama kapasita ambayo hukuinunua. Masafa yanateleza. Sikujua kwamba shida yangu ya jikoni ndiyo shida ambayo mainjinia wamepigana nayo kwa karibu miaka 70.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1950 transista zilikuwa zimeanza kupatikana, na watu wakaanza kuuliza: je, sakiti inaweza kuishi ndani ya mtu? Kule Buffalo, Marekani, Wilson Greatbatch alikuwa anaunda osileta ya kurekodi sauti za moyo. Akatia mkono kwenye boksi, akatoa rezista isiyo yake, ya megaomu 1 badala ya kiloomu 10. Sakiti ikapiga kidogo, ikanyamaza kama sekunde nzima, ikapiga tena. Alitambua mdundo huo palepale: ni wa moyo. Mei 1958 akiwa na daktari William Chardack wakaijaribu kwa mbwa, ikaendesha moyo wake.

Lakini binadamu wa kwanza kuwekewa alikuwa Msweidi, Arne Larsson, tarehe 8 Oktoba 1958. Alikuwa anazimia mara nyingi kwa siku, na mkewe Else-Marie ndiye aliyewasumbua daktari Åke Senning na injinia Rune Elmqvist mpaka wakakubali. Elmqvist aliunda osileta ya transista mbili, na alipotaka kuifunika kwa plastiki ngumu, kalibu aliyotumia ilikuwa mkebe wa dawa ya viatu. Kiwi! Ule mkebe sisi tulitengenezea magurudumu ya magari ya waya. Betri yake ilichajiwa kupitia ngozi kwa koili iliyowekwa nje, bila waya. Kifaa cha kwanza kilikufa baada ya saa chache tu. Larsson hakufa. Alibadilishiwa vifaa zaidi ya mara 20, akaishi hadi 2001, akiwa na miaka 86, baada ya injinia na daktari wake wote wawili kufariki.

Mwaka mmoja kabla yake, 1957, Stuart Mackay na Bertil Jacobson walikuwa wameonyesha kidonge chenye redio. Unakimeza, kinapita tumboni kikipiga stori. Ndani kuna transista moja. Shinikizo la tumbo likibadilika, masafa yanahama. Joto likibadilika, mwendo wa mapigo unabadilika. Yaani walichukua ule utelezi ulionishinda mimi wakaufanya ndio ujumbe. Hapo niliwavulia kofia.

Sasa tuje kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti waliwavisha flamingo wachache wa Ziwa Bogoria transmita za setilaiti. Flamingo mdogo ana kilo 2 hivi au chini yake, na watafiti wengi hawataki mzigo uzidi asilimia 3 hadi 5 ya uzito wa ndege. Kwa hiyo betri, antena na osileta vyote vinagawana gramu chache. Setilaiti za mfumo wa Argos husikiliza kwenye megahezi 401.65, na hujua mnyama yuko wapi vile wewe, ukiwa umesimama Salgaa, unajua lori limekupita hata ukifumba macho: honi inashuka sauti. Ila hiyo hesabu inataka honi yenyewe isibadilike. Osileta ikiteleza sehemu 1 tu kwa milioni, hizo ni kama hezi 400, na ndege anaonekana mahali hayupo. Ndiyo maana hutumia fuwele badala ya koili ya Bic.

Flamingo husafiri sana usiku, kwa hiyo macho yetu yalikuwa hayatoshi. Zile transmita zilionyesha ndege wakihama kutoka ziwa hadi ziwa, wakivuka mpaka wa Kenya na Tanzania bila pasipoti. Mapigo yale yalipanda angani kutoka Baringo na hesabu ikafanyiwa Toulouse, Ufaransa.

Halafu kuna hii. Mwaka 1999, Marekani ilipotenga masafa ya vifaa vinavyokaa ndani ya mwili, ilichagua megahezi 402 hadi 405. Angalia namba. Ni jirani kabisa wa flamingo! Ukipanda juu zaidi antena inakuwa fupi lakini maji ya mwili yanameza mawimbi. Ukishuka chini mawimbi yanapita vizuri lakini antena inakuwa ndefu kuliko kifua. Pale katikati ndipo kuna nafuu.

Shosho aliwekewa pesimeka miaka michache iliyopita. Kliniki yake iko Nairobi. Kila akienda kukaguliwa tunaamka saa tisa usiku, matatu, kilomita kama 160, foleni, dakika 15 za kusomwa kifaa, tunarudi usiku. Nauli ya watu wawili, na siku nzima ya mwanamke mwenye miaka 78. Tangu miaka ya 2000 kuna pesimeka zinazotuma habari zenyewe mgonjwa akiwa nyumbani amelala. Tulipouliza, tukaambiwa kifaa chake kinaweza. Kisanduku cha kupokea kitandani ndicho hatukupewa, na hakuna mtu alikuwa amepangwa upande wa pili wa kusoma.

Kwa hiyo mtu akiniambia tatizo la Afrika ni teknolojia, ninakataa. Osileta ya shosho imo kifuani na inaongea. Kinachokosekana ni sikio. Flamingo alipata sikio kwa sababu kuna watu walikaa chini wakaamua safari zake ni muhimu, wakalipia setilaiti. Siwaonei wivu flamingo, nawapenda, ndio waliofanya jina la Nakuru lijulikane duniani. Nasema tu uamuzi kama huo unaweza kufanywa kwa mgonjwa wa Bahati, Molo au Subukia, na si lazima uanzie Ufaransa. Kaunti ina hospitali, vijana wa elektroniki wapo tele, wengine wameacha chuo na wanauza kava za simu.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu mwenye kifaa cha moyo, mkienda kliniki ulizeni swali moja: hiki kinaweza kusomwa tukiwa nyumbani? Wakisema ndiyo, ulizeni nani atakuwa anasoma.

Sisi tunarudi Nairobi mwezi ujao. Shosho ameshaanza kuweka nauli kwenye kile kikopo cha majani chai.