HISTORIA YA MTO MSIMBAZI NA RIZIKI YETU



Tukiwa tunasherehekea miaka 10 ya kikundi chetu, tumeona tuandike pia habari za mto, maana hisa zetu nyingi za mwanzo zilitoka kwenye matuta ya mchicha na matembele ya hapa bondeni Kigogo.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu kule Kisarawe, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Wazee wetu walioga humo na kuvua perege na kambale. Mji ukakua. Viwanda vikajengwa, maji ya rangi na dawa yakaelekezwa mtoni. Mvua zikinyesha, watu wakatapisha vyoo. Mwaka 1988 wenzetu wa Tabata waliishitaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya jalala lililowatesa kwa moshi na harufu, wakashinda. Lakini taka zikahamishiwa Vingunguti, kando ya mto. Jalala hilo nalo lilishafungwa, ila uchafu haukuisha.

Mto unakufaje? Samaki anavuta hewa iliyomo ndani ya maji. Uchafu ukizidi, vijidudu vinavyouozesha vinaimaliza hewa ile, na perege anakufa kwa kukosa pumzi. Kambale yeye anaweza kupanda juu akavuta hewa kama sisi, ndiyo maana anabaki. Basi mtu akimuona kambale anasema mto bado mzima. Sio kweli. Kambale anaishi kwenye tope lile lile lenye sumu, na sumu inaingia mwilini mwake.

Mboga nazo hivyo hivyo. Mwaka 1999 watafiti walitoa matokeo ya kupima mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakakuta madini ya risasi na kadmiamu. Madini haya hayaishi kwa kuchemsha.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili, hasa kwa sababu ya mafuriko. Tunashukuru. Lakini mto hautasafishika kwa fedha tu, kama kila nyumba bado inautupia.

Kwenye vikao vyetu tumebishana sana. Wapo kina mama wanaouliza, tukiacha bustani watoto watakula nini? Swali hilo ni la haki, kwani si wao waliouchafua mto. Hatuwezi kumwambia mwenzetu aache riziki halafu tumwache mikono mitupu. Kwa hiyo tumekubaliana: anayemwagilia kwa maji ya mto na anataka kubadili biashara, atakopeshwa kwanza, bila riba, kutoka mfuko wa jamii. Na kutapisha choo mtoni, kwa mwanachama, ni faini.

Miaka 10 tumewekeana akiba ya fedha. Sasa tuwawekee na wajukuu akiba ya maji.

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanachama wote.