Ukucha wa Mguu na Tulivyoufunika Tangu Zamani

  Vuta kiti, punguza moto chini ya sufuria ya maharagwe, tuzungumze.

Leo mazungumzo yetu ni juu ya ukucha wa mguu. Najua wengine mtacheka, mkisema hayo nayo ni magonjwa? Lakini mama mwenye binti wa miaka 12 ambaye hakubali kuvua soksi mbele ya wenzake hacheki. Binti huyo ukucha wa kidole gumba umeng'oka, au umekuwa mweusi, au umeota kama pembe ya mbuzi. Arusi ya shangazi iko karibu na viatu vilivyonunuliwa ni vya wazi. Mama anauliza, "Nimpake nini usionekane?"

Swali hilo ni la zamani sana. Kila kizazi kililijibu kwa namna yake, na baadhi ya majibu yaliwaumiza watu. Kwa hiyo kabla sijakujibu, acha nikurudishe nyuma kidogo.

Lakini kwanza tuelewane juu ya ukucha wenyewe. Sehemu ile unayoiona na kuikata imeshakufa, kama unywele. Kilicho hai ni mzizi, nao umejificha ndani ya ngozi pale ukucha unapoanzia. Mzizi ukibaki mzima, ukucha utarudi, ila utakuchosha kwa kungoja. Wa mkono huota wote kwa muda wa miezi 6 hivi, lakini wa kidole gumba cha mguu huchukua miezi 12 hadi 18. Mzizi ukiumia na kuwa kovu, ukucha hurudi umepinda, au haurudi kabisa. Hapo ndipo watu walipoanza kutafuta vifuniko.

Sasa, ni nini kiliwaharibu nyanya zetu kucha? Mawe ya njiani yalifanya kazi yake, na majembe pia, maana wengi walitembea miguu mitupu kabla ya kupata hata akala. Lakini wengi wetu tuliokuwa na nyanya wa kijijini asiye na kucha kwenye vidole viwili vitatu tunajua jina la aliyezichukua. Ni funza. Wengine humwita tekenya.

Huenda hukujua kwamba funza si mwenyeji wa Afrika. Alitoka Amerika ya Kusini na Visiwa vya Karibi. Wanaoandika historia ya magonjwa huitaja meli moja, Thomas Mitchell, iliyotoka Brazili mwaka 1872 na kutia nanga Ambriz, katika nchi ya Angola. Kutoka hapo mdudu yule alipita barani kwa miguu ya watu, yaani kwa miguu ya wapagazi, askari na wafanyabiashara wa misafara. Haikupita miaka 30 akawa amefika pwani yetu ya mashariki, na kufikia mwaka 1899 alikuwa ameshavuka bahari hadi India. Hebu fikiria mshangao wa watu. Ugonjwa ambao babu zao hawakuujua unaingia nyumbani kupitia vumbi la sakafu, na mtoto anashindwa kutembea.

Funza jike huingia ngozini, na mahali anapopapenda ni pembeni mwa ukucha na chini yake. Kwa muda wa wiki mbili hivi huvimba akawa kama punje ya njegere, amejaa mayai. Wakiwa wengi, kidole huoza na ukucha huanguka. Watu waliwatoa kwa pini au mwiba, na pini ile ile ikazunguka nyumba nzima. Hadi leo kosa hilo linaendelea, mama. Pini ya kushirikiana inaweza kupeleka virusi vya Ukimwi na homa ya ini kutoka kwa mtu hadi mwingine, na kidonda kichafu hukaribisha pepopunda. Mwaka 2014 Wizara yetu ya Afya ilitoa mwongozo wa kitaifa juu ya funza. Mwaka huo huo ukachapishwa utafiti uliofanywa hapa Kenya, ulioonyesha kwamba mafuta ya dimetikoni huwaua wengi zaidi kuliko kuloweka miguu katika ile dawa ya zambarau. Uliza kituo cha afya kama wanayo.

Nimekaa kwa funza kwa sababu ya aibu. Watu walisema mwenye funza ni mvivu, ni mchafu, wengine hata wakasema amelaaniwa. Kwa hiyo hata baada ya funza kwisha, kidole kisicho na ukucha kilibaki kama ushahidi wa kumshtaki mtu. Nyanya akikaa na wageni alikuwa akivuta leso lake hadi chini ya nyayo. Mtoto anayeficha mguu leo anaficha jambo hilo hilo, hata kama yeye wake ulivunjwa na mpira tu.

Tugeukie vifuniko. Hapa kwetu kilicho kikongwe zaidi ni hina. Akina mama wa Lamu na Mombasa hawahitaji kufundishwa nami. Mti huo ulitumika Misri ya kale, Uarabuni na India muda mrefu kabla ya kuwapo chupa ya rangi ya dukani. Majani yake yana rangi inayoshikamana na ngozi na ukucha. Kwenye ngozi hufifia baada ya wiki moja au mbili, lakini kwenye ukucha haitoki, bali husukumwa mbele na ukucha unapoota.

Na hina ina faida moja ambayo rangi ya chupa haina. Inakolea hata kwenye ngozi tupu. Kwa hiyo mtu asiye na ukucha kabisa akipakwa hina ncha za vidole vyote, kile kilichokosa kinafanana na wenzake kwa mbali. Sijui kama waliobuni urembo huo walilifikiria hilo, lakini umewasitiri wengi. Sharti ni kwamba kidole kiwe kimepona. Usipake kwenye kidonda.

Jihadhari na piko, ile nyeusi. Hina halisi hutoa rangi ya machungwa au kahawia, haitoi nyeusi ti. Weusi ule mara nyingi hutoka kwenye rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, ambayo ilianza kutumiwa kwa nywele huko Ulaya kuelekea mwisho wa karne ya 19. Haikukusudiwa kupakwa kwenye ngozi. Wapo watoto wanaovimba malengelenge na kubaki na makovu. Ubaya zaidi ni kwamba mwili ukishaikataa mara moja huendelea kuikataa maisha yote, hata atakapotaka kupaka nywele rangi akiwa mtu mzima.

Rangi ya chupa ni mtoto wa juzi, na ni ndugu wa rangi ya magari. Baada ya viwanda kupata rangi inayokauka haraka na kung'aa, iliyotengenezwa kwa nitroselulosi, watu wa vipodozi waliichukua. Kampuni ya Cutex ya Marekani ilitoa rangi ya maji ya kucha mwaka 1917. Ilikuwa nyepesi, unaona ukucha ndani yake. Mwaka 1932 ikaanza Revlon, nayo ilileta rangi nzito isiyopenya mwanga. Hapo ndipo mambo yalipobadilika kwa mwenye ukucha mbovu. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuwa na doa, ufa au weusi, na kwa dakika 10 usijue.

Utasikia watu wakisema rangi inaua ukucha kwa sababu haupumui. Si kweli. Ukucha haupumui, hupata chakula chake kwa damu kupitia mzizi. Rangi nyekundu ikikaa sana huacha umanjano, nayo asetoni hukausha, lakini hayo ni madogo. Hatari ya rangi nzito ni ule uwezo wake wa kuficha.

Mnamkumbuka Bob Marley. Mwaka 1977 alikuwa na shida katika kidole gumba cha mguu wa kulia. Alikuwa mpenda mpira, na kidole hicho kiliumizwa uwanjani, kwa hiyo ilikuwa rahisi kudhani ni jeraha la mpira. Walipopima wakakuta ni saratani ya ngozi chini ya ukucha, aina ya melanoma. Madaktari walishauri kidole kikatwe. Yeye kwa imani yake alikataa. Ukucha na ngozi iliyo chini yake vikaondolewa, akabandikwa ngozi iliyotolewa pajani. Aliendelea kuimba, hata Aprili 1980 alikuja Zimbabwe katika sherehe za uhuru. Saratani ilikuwa inatembea mwilini. Alifariki huko Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Sikusimulii ili ukimbie hospitalini kwa kila doa. Saratani hiyo ni nadra. Sisi watu weusi wengi wetu tuna mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa, na hiyo haina neno. Damu iliyovilia baada ya kujigonga nayo husogea mbele ukucha unapoota, hatimaye ukaikata. Lakini mstari mmoja mweusi, mpya, kwenye ukucha mmoja, unaopanuka au unaomwaga weusi hadi kwenye ngozi ya pembeni, huo haupakwi rangi. Unaonyeshwa daktari. Na jeraha la mpira lisilosogea wala kupona kwa miezi, vivyo hivyo.

Jambo lingine linalojificha chini ya rangi ni ukungu, ambao wengi huuita fangasi. Ukucha huwa mnene na wa manjano, ukisagika kama chaki. Zamani madaktari walikuwa wakiung'oa, na maskini mgonjwa anaota mwingine wenye ugonjwa ule ule. Dawa ya griseofulvini iligunduliwa mwaka 1939, lakini ilikuwa 1958 ndipo ilipoonekana kwamba inaweza kumezwa kutibu ukungu wa ngozi. Katika miaka ya 1990 ikaja terbinafini, ambayo kwa kucha za miguu humezwa kwa wiki 12 hivi. Daktari aweza kutaka kupima ini kwanza, kwa hiyo usiinunue kwa kukisia. Mpe muda pia, maana ukungu ukifa, ukucha ulioharibika hautengenezeki, lazima uote mwingine.

Sasa kucha za bandia. Hapa historia inachekesha kidogo, kwa sababu walioleta ni madaktari wa meno. Mwaka 1934 Maxwell Lappe wa Chicago alitengeneza kucha za bandia kwa ajili ya watu wanaotafuna zao. Mwaka 1954 mwenzake Fred Slack alivunja ukucha wake kazini, akauziba kwa akriliki ile ile ya kutengenezea meno ya bandia. Kutoka kwenye kidole cha daktari huyo ikazaliwa biashara nzima ya saluni.

Mapema katika miaka ya 1970 malalamiko yalianza Marekani. Akriliki yenye kimiminiko cha methili methakrilati ilikuwa ngumu mno. Ukucha wa bandia ukigonga kitu haukuvunjika wenyewe, uling'oa ule wa asili. Wengine walivimba ngozi. Serikali ya huko ikaenda mahakamani na bidhaa zenye kimiminiko hicho kitupu zikaondolewa sokoni. Juzi juzi, Septemba 2025, nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku TPO, kemikali iliyokuwa ikitumiwa katika baadhi ya rangi za jeli zinazokaushwa kwa taa. Ninayataja haya ili uwe na ujasiri wa kuuliza saluni, "Dada, chupa hii ina nini?" Asiyejua, au chupa isiyo na maandishi, ondoka.

Na kwa kidole cha mguu kuna jambo ambalo saluni nyingi hazisemi. Ukucha wa bandia hugundishwa juu ya ukucha, si juu ya nyama. Kama kuna nusu ya ukucha mzima, mtaalamu aweza kuujenga uliobaki. Kama hakuna kitu, gundi kwenye ngozi laini italeta malengelenge na usaha. Ile gundi kali ya kibandani ya kushikiza viatu usiithubutu, hata kwa siku moja ya arusi. Kwa asiye na ukucha kabisa, wataalamu wa miguu na wa viungo bandia hutengeneza ukucha au kofia ya kidole kwa silikoni, huvaliwa na kuvuliwa. Huduma hiyo haipo kila hospitali na si ya bei rahisi, lakini ni vizuri ujue ipo.

Turudi kwa binti wetu na arusi ya shangazi. Mwoshe miguu, mkaushe katikati ya vidole, mketi juani mtazame pamoja. Kuna usaha, maumivu, harufu, au mstari ule niliotaja? Kituo cha afya kwanza. Ana kisukari? Usikate wala kukwangua chochote, mpeleke. Ni damu iliyovilia au ufa tu? Mpake rangi anayoipenda, vidole vyote kumi. Ukucha umetoka na nyama imeshakauka? Hina ya majani, na umweleze kwamba ukucha utachelewa, pengine hadi mwakani. Baada ya wiki moja itoe rangi utazame tena kabla ya kupaka nyingine.

Na kama ukucha wake ulichukuliwa na funza, mwambie alitoka wapi, na meli ile ya 1872. Watoto hupenda kisa hicho, na atajua kwamba hakumleta yeye.

Jumanne ijayo tutazungumza juu ya visigino vilivyopasuka. Nenda ukatazame maharagwe yako.