Anga la Unyanyembe: Njia ya Misafara na Mawingu Yanayolizunguka Jua

Tabora imejengwa juu ya uwanda wenye kimo cha mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo iligawanyika, tawi moja likienda magharibi hadi Ujiji, jingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Historia yake husimuliwa kwa pembe za ndovu, watumwa, na vita vya Mtemi Isike dhidi ya Wajerumani, vilivyokoma kwa kifo chake Januari 1893; lakini Unyanyembe, yaani utemi uliokuwa na mji huo, ndiko pia wageni walikolazimika kutazama mbinguni ili wajue walipo ardhini. John Hanning Speke, aliyefika Kazeh, mahali ilipo Tabora leo, pamoja na Richard Burton Novemba 1857, alipima kimo cha nyota juu ya upeo wa macho, na kwa kipimo hicho akapata latitudo, yaani umbali wa mahali kutoka Ikweta, ambao kwa Tabora ni nyuzi 5 kusini.

Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba mizigo ya misafara hiyo mabegani, walisafiri hasa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, na majira hayo ndiyo anga la Tabora linapokuwa na mengi zaidi ya kuonyesha. Mwezi wa Julai, kama saa nne usiku, kundinyota la Nge huwa karibu na utosi, na Njia Nyeupe, yaani ule mkanda wa nuru ya nyota zisizohesabika, hukata anga ikiwa imepasuliwa na mabaka meusi. Mwanaastronomia William Herschel alidhani mabaka ya namna hiyo ni matundu yasiyo na nyota. Mwanaastronomia mwingine, Edward Barnard, katika orodha ya mabaka 182 aliyoitoa mwaka 1919, alielekea kuyaona kuwa vitu halisi, na ndivyo yalivyo: ni mawingu ya gesi baridi, hasa hidrojeni, iliyochanganyika na vumbi laini linaloziba nuru ya nyota zilizo nyuma. Lile lililo karibu na nyota nyekundu ya Nge liko umbali wa miaka ya nuru 450 hivi (mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka), na baka jeusi lililo ubavuni mwa Msalaba wa Kusini liko kama 600. Masika yanapokaribia, jioni humilikiwa na Kilimia, kundi ambalo jina lake limetokana na kulima, nalo linapita katika wingu la vumbi ambalo halikulizaa.

Karibu zaidi na Jua mambo hubadilika kabisa. Jua limo ndani ya pango kubwa la gesi moto na hafifu mno, lenye upana wa miaka ya nuru 1,000 hivi, liitwalo Kiputo cha Karibu, ambalo yadhaniwa lilichimbwa na milipuko ya nyota kubwa iliyoanza miaka milioni 14 iliyopita, likasukuma gesi pembeni hadi ikawa ganda ambamo nyota changa huzaliwa. Ndani ya kiputo hicho yamo mawingu madogo, na Jua linapita katika moja lao, lenye upana wa miaka ya nuru 30 hivi na joto la nyuzi 6,000 hadi 7,000, ingawa ni hafifu kiasi kwamba sentimita moja ya ujazo haina hata atomi moja kamili. Wingu hilo halionekani kwa jicho. Lilitambuliwa kwa alama ambazo gesi yake huacha katika nuru ya nyota za jirani, na kwa atomi zake za heli zinazoingia hadi kati ya sayari.

Gesi hiyo hulijia Jua kwa kasi ya kilomita 26 hivi kwa sekunde, kutoka upande ulio karibu na Nge, yaani upande uleule uliokuwa juu ya kambi za wapagazi wakati wa kiangazi, na ambao hadi leo huonekana vizuri kutoka Kwihara, karibu na Tabora, kwenye tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872 akingoja watu kutoka pwani.