Kitumbua na Mchanga

Mtu akiharibiwa shughuli yake, Dar es Salaam tunasema ametiliwa mchanga kitumbua chake. Hatusemi chapati yake imeingia mchanga, wala ugali, wala pilau, ingawa mchanga huingia popote. Nadhani lugha ilichagua kwa akili. Katika mji huu mpishi wa vitumbua mara nyingi hapiki ili ale yeye, anapika auze. Kikiingia mchanga hajapoteza kifungua kinywa tu, amepoteza mtaji, na kesho hana cha kununulia mchele.

Ninataka kueleza kidogo historia ya biashara hii ya asubuhi, na nitapita kwa mpishi mmoja ninayemjua: dada mkubwa wa mama yangu. Sisi nyumbani tunamwita Mama Mkubwa. Mtaani kwake Buguruni walimwita Mama Vitumbua kwa miaka zaidi ya thelathini. Jina lake la kwenye kitambulisho silitaji, mwenyewe hapendi.

Alizaliwa Pangani, miaka ya mwisho ya 1940. Anayeijua Pangani anajua mto, kivuko cha kwenda Bweni, na minazi kila upande. Nazi haikuwa kitu cha kununua. Watoto wa kike walicheza kupikapika chini ya miembe kwa vifuu na mawe matatu, udongo ukiwa wali na majani yakiwa mchicha, na wengi wao mchezo uliishia hapo. Mama Mkubwa hakutosheka na udongo. Aliiba mchele wa kweli. Mama yake, yaani bibi yangu, alipogundua mchele unapungua alimchapa, kisha akafanya jambo lililokuwa na maana kuliko fimbo: akampa kikombe kimoja cha uji wa vitumbua kila alfajiri ya Ijumaa, achome vyake pembeni, na vikiungua avile hivyo hivyo. "Nilikula makaa mwaka mzima," husema Mama Mkubwa, na hucheka.

Nani alileta kitumbua Uswahilini? Mimi siko tayari kubishana. Mchele na samli vilikuwa mezani pwani hii tangu zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na akaandika kwa kirefu vitoweo vilivyoandamana nao. Chuma chenyewe chenye vishimo kina ndugu zake ng'ambo, kwa Wahindi wa kusini, ambao nao huumua unga wa mchele na kuuchoma katika vishimo vya namna hiyo hiyo. Bahari ya Hindi imebeba vitu vingi pande zote mbili, na chuma si kizito kiasi hicho.

Lakini kazi iliyomo ndani ya kitumbua lazima niieleze, maana ndiyo hoja yangu. Mchele unarowekwa tangu jioni. Enzi hizo haukuwa wa kusagwa kwa mashine, ulitwangwa kinuni ukachekechwa. Nazi inakunwa juu ya mbuzi, inakamuliwa kwa kifumbu, tui la kasimile linawekwa kando. Iliki, sukari, na chachu. Kabla hamira ya dukani haijaenea, watu wa pwani waliumulia kwa tembo la mnazi, na waliolikumbuka husema hamira haijalifikia. Kisha unasubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo wapishi wanapoachana. Ukichoma mapema kinatoka kizito kama jiwe, ukichelewa kinachachuka na kuzama katikati. Joto la usiku linabadilika, mchele unabadilika, kwa hiyo saa haikusaidii. Mama Mkubwa hakutazama saa. Alifunua bakuli, akanusa, akafunika.

Aliolewa akaja Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mji aliokuta ulikuwa tayari una wanawake wa kazi hiyo, na si wa jana. Susan Geiger, katika kitabu chake *TANU Women* cha mwaka 1997, alizungumza na wanawake walioijenga TANU hapa mjini pamoja na Bibi Titi Mohamed. Ukiwasoma unaona ni watu wa namna gani. Wengi hawakuwa na shule kubwa wala ajira. Walikuwa wanawake wa vikundi vya ngoma, waliojitafutia kwa biashara ndogondogo, chakula na pombe zikiwemo. Hao ndio waliopita nyumba kwa nyumba kuanzia mwaka 1955. Fedha zao zilikuwa zao, hawakuwa na tajiri wa kuwafukuza kazi kwa kadi ya chama. Karani wa serikali alilazimika kujificha. Mwenye sufuria yake mwenyewe hakulazimika.

Ninalisema hili kwa sababu ya yale yaliyofuata.

Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967 mpango ulikuwa kwamba riziki ya mjini itatoka kazini: kiwandani, ofisini, kwenye shirika la umma. Baba Mkubwa alikuwa na kazi hiyo, katika kiwanda cha nguo, na kwa miaka kadhaa mshahara ulitosha. Mama Mkubwa alipika vitumbua vya kula nyumbani na vya sikukuu. Alipenda, basi. Hakuwa na haja ya kuuza.

Kisha mambo yakageuka. Ukame, bei ya mafuta, vita vya Uganda vya 1978 na 1979. Waliokuwepo hawahitaji kukumbushwa foleni za sukari, sabuni inayokatwa vipande, na unga wa njano wa msaada. Mshahara ulibaki jina. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1980, Buguruni na Manzese zikiwemo, aliona kwamba familia za waajiriwa zilikuwa zinakula kwa miradi ya pembeni, mingi ikiwa mikononi mwa wanawake, na mshahara wa mwezi ulimaliza siku chache tu. Mama Mkubwa alilijua hilo bila utafiti. Mwaka 1979 alitoa chuma chake, kile kile cha Pangani alichopewa na mama yake siku ya harusi, chenye vishimo saba, akakaa barazani na jiko la mkaa.

Vilimalizika kabla ya saa moja asubuhi. Anakumbuka mteja wa kwanza kuwa kuli wa bandarini aliyekula vinne amesimama, akaondoka, akarudi akachukua vinne vingine vya njiani.

Mchele ulikuwa tabu. Wa bei ya serikali hauonekani, wa magendo bei ya kuua. Kuna asubuhi alichanganya unga wa mahindi kidogo na akawaambia wateja waziwazi, leo viko hivi. Sukari alipata kwa kubadilishana na jirani aliyekuwa na mtu kwenye duka la ushirika. Katika mtaa wake peke yake walianza wanawake kama kumi na wawili ndani ya miaka mitatu hiyo, wote kwa sababu moja, ya njaa.

Hapa nataka nisimame kidogo. Kuna mtindo siku hizi kwenye magazeti, habari za wajasiriamali: fulani alipenda kupika tangu utotoni, akafuata ndoto yake, sasa ana kampuni. Zinanichosha, kwa sababu zinaruka njaa. Hakuna aliyekuwa barazani Buguruni mwaka 1980 akifuata ndoto. Lakini nikikaa na Mama Mkubwa akaanza kuwahesabu wale kumi na wawili, naona kwamba na mimi ninaruka kitu nikisema ni njaa tu. Njaa iliwaleta wote. Miaka mitano baadaye walibaki watatu, na wote watatu walikuwa wale waliokulia mekoni kwa hiari yao. Walioanza ukubwani walijua vipimo vya kuambiwa. Mchele ulipobadilika, au hamira ilipokuwa ya zamani, walitoa vitumbua vibovu siku mbili mfululizo, na mtaji wa kilo mbili haustahimili siku mbili. Mapenzi ya utotoni yalikuwa shule. Mwaka mzima wa kula makaa ulikuwa ada.

Shule hiyo haikuonekana na mtu yeyote mwenye mhuri.

Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya nguvukazi. Kila mwenye uwezo afanye kazi, na kwa maneno hayo nani atapinga? Tabu ilikuwa kazi ni ipi. Wachuuzi wasio na leseni, washona viatu, wauza samaki, wapika vyakula, walihesabiwa pamoja na wazururaji, wakakamatwa na kupelekwa vijijini wakalime. Wala wazo hilo halikuwa geni. Andrew Burton, katika *African Underclass* (2005), anaonyesha jinsi serikali ya mkoloni ilivyokuwa ikiwafukuza Dar es Salaam wale iliowaita wahuni, miaka na miaka. Tuliurithi mji, tukarithi na msamiati. Ila mkoloni hakuwa na deni kwa wanawake wa chakula. Sisi tulikuwa nalo, na halikuwa na hata miaka thelathini.

Kwa Mama Mkubwa walikuja alfajiri, watu wanne na gari. Mmoja akamuuliza, "Wewe mama, unafanya kazi gani?" Mikono yake ilikuwa na uji wa mchele hadi kwenye viwiko. Akasema, "Hii." Wakacheka, si kwa ubaya sana, anasema, kama vijana wanavyocheka. Jirani akajitokeza akaeleza kuwa huyu ni mke wa mtu mwenye kazi, basi yeye hawakumchukua. Walimwaga bakuli na kuchukua chuma.

Nilipokuwa mdogo nilidhani kisa hiki ni cha kusikitisha kwa sababu ya vitumbua vilivyomwagwa. Ni chuma. Chuma kilichopikiwa miaka ishirini kimeshiba mafuta, kitumbua kinageuka kwa kijiti kimoja bila kunata. Kipya alichonunua baadaye kwa wafua vyuma kilinata miezi, akawa anatupa theluthi ya kila kundi. Cha Pangani hakikurudi. Alikwenda kukiulizia mara tatu, ya tatu akaambiwa asirudi tena.

Akafanya kama wenzake wengi. Alihamia uani, akafunga mlango wa mbele, na biashara ikatoka kwa miguu ya watoto. Mama yangu, mdogo wake, alikuwa anasoma shule na anakaa kwake. Alipita na deli kichwani saa kumi na mbili asubuhi, sare ya shule mwilini, bila kupiga kelele. Wateja waligonga dirisha. Mwezi wa Ramadhani ratiba iligeuka, vikauzwa jioni, na jioni hizo ndizo alizozipenda kwa sababu hakuna aliyethubutu kumgusa mpishi wa futari.

Baadaye upepo ulibadilika. Ilitolewa leseni ndogo kwa wafanyabiashara wadogo, ikaitwa nguvukazi vilevile, jina la sheria iliyowakamata. Mama Mkubwa aliikata. Mzee Mwinyi akaingia mwaka 1985, mchele ukaonekana, sukari ikaonekana, na viwanda vikaanza kupunguza watu. Baba Mkubwa alipunguzwa miaka ya tisini na kwa muda mrefu hakutoka nje asubuhi. Ndipo ikabainika nani alikuwa anaitunza nyumba ile muda wote. Watoto wanne walisomeshwa kwa vishimo saba na upatu wa wanawake kumi. Yeye hasemi hivyo. Husema walisoma wenyewe.

Wafanyabiashara wa barabarani wameondolewa na kurudishwa mara kadhaa tangu hapo: 2006, kisha vitambulisho vya shilingi 20,000 mwishoni mwa 2018, kisha kuhamishwa tena 2021. Mama Mkubwa alizitazama zote kutoka uani, pale pale alipohamia 1983. Hakurudi barazani hata alipokuwa na karatasi zote mkononi. Nilimuuliza kwa nini. Akasema amezoea.

Sasa magoti yamekataa, na anayepika ni mjukuu wake, mwenye blenda na oda za kwenye simu, vitumbua vya ofisini vinaondoka na bodaboda ndani ya hotpoti. Msichana ana akili ya biashara kuliko sisi sote. Nililala kwao mwezi uliopita. Saa kumi alfajiri niliamka kwa sauti ya kiti kikiburuzwa. Mama Mkubwa alikuwa amejikokota hadi jikoni, khanga mabegani, mjukuu amemshikia bakuli juu ya magoti. Alifunua, akainamisha kichwa, akanusa.

"Bado," alisema. "Nusu saa."

Mjukuu alitazama simu yake, akazima jiko la gesi, akawaandikia wateja kwamba leo watachelewa kidogo.