Jinsi ya kufufua programu ya Windows Mail katika kompyuta ya Windows 7

WINDOWS 7 ilipoingia sokoni Oktoba 22, 2009, wengi waliohamia huko kutoka Windows XP na Vista walipigwa na butwaa kukosa kitu walichokuwa wamekizoea kwa miaka mingi: programu ya kusoma na kuandika barua pepe. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imeiondoa, na badala yake ikawaelekeza wateja wapakue nyingine kutoka mtandaoni, Windows Live Mail. Hiyo nayo kampuni iliacha kuihudumia Januari 10, 2017.

Hata hivyo, programu ya awali haikung'olewa na mizizi yake. Katika kompyuta ya Windows 7, ndani ya folda ya Program Files, mna folda nyingine iitwayo Windows Mail, na humo mna faili ya kuanzishia programu, WinMail.exe. Mtu akiibofya mara mbili, haifunguki. Sababu ni kwamba faili inayoifanyia WinMail.exe kazi karibu zote, yaani msoe.dll, iliwekwa katika toleo lililopunguzwa makali. Kuifufua programu hii kwa hakika ni kuirudisha faili hiyo moja katika hali iliyokuwa nayo kwenye Vista.

Swali la kwanza ni kwa nini mtu ajisumbue. Leo barua pepe husomwa kwa simu, na mwenye akaunti anaweza kuzifikia barua zake kutoka kompyuta yoyote. Lakini haikuwa hivyo zamani. Programu hizi za kale zilitumia zaidi utaratibu wa POP3, ambao kwa kawaida huchota barua kutoka kwa seva, huziweka katika diski ya kompyuta, kisha huzifuta kule zilikotoka. Isipokuwa mwenyewe aliagiza nakala ziachwe kwenye seva, nakala ya pekee ni ile iliyomo katika kompyuta yake.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wake. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika pwani ya Kenya mwaka 2009, intaneti ya nyumbani na ya ofisi ndogo mara nyingi ilipitia laini ya simu, na kila dakika ililipiwa. Busara ilikuwa kuunganisha, kuchota barua zote kwa pamoja, kukata simu, kisha kuzisoma na kuzijibu kwa utulivu bila gharama kuongezeka. POP3 ilifaa mno kwa mtindo huo. Matokeo yake ni kwamba ankara za biashara, kumbukumbu za vyama na barua za jamaa walioishi ng'ambo zilibaki katika mashine ambazo sasa zimefunikwa shuka kwenye pembe ya chumba. Baadhi ya walioziandika wamekwisha fariki. Barua hizo hazipo popote pengine.

Asili ya programu yenyewe ni ya mwaka 1996, Microsoft ilipotoa Internet Mail and News pamoja na kivinjari cha Internet Explorer 3. Mwaka uliofuata, Internet Explorer 4 ilipotoka, ilibadilishwa jina na kuitwa Outlook Express. Jina hilo limewachanganya watu hadi leo, kwani Outlook ya kifurushi cha Office ni programu tofauti kabisa, inayohifadhi barua kwa namna yake. Toleo la sita la Outlook Express ndilo lililofuatana na Windows XP mwaka 2001. Agosti 2003 Microsoft ilisema haitaiendeleza tena, watumiaji wakalalamika, na muda si muda kampuni ikageuza kauli. Vista ilipoanza kuuzwa kwa umma Januari 30, 2007, Outlook Express ilikuwa imeundwa upya na kuitwa Windows Mail.

Mabadiliko makubwa yalikuwa katika namna ya kuhifadhi. Outlook Express ilikusanya barua zote za folda moja katika faili moja yenye tamati ya .dbx. Faili hiyo haikupaswa kuzidi gigabaiti 2, na ilipokaribia kiwango hicho ilianza kuharibika. Tena ilihitaji kukazwa kila baada ya muda ili nafasi ya barua zilizofutwa ipatikane. Umeme ukipotea katikati ya kazi hiyo, barua za folda nzima zingeweza kupotea. Windows Mail iliachana na mtindo huo. Kila barua ni faili yake yenyewe ya .eml, yaani maandishi ya kawaida yanayoweza kufunguliwa hata na programu nyingine, na kando yake kuna hifadhidata inayotunza orodha. Hii ndiyo sababu Windows Mail ni daraja jema kati ya barua za kale na programu za leo, na ndiyo sababu inafaa kufufuliwa hata kwa wiki moja tu.

Kabla ya kugusa lolote, nakala ya barua itolewe na kuwekwa katika diski ya nje. Katika Windows XP, faili za .dbx hukaa katika folda iliyofichwa chini ya Documents and Settings: jina la mtumiaji, kisha Local Settings, Application Data, Identities, folda yenye msururu mrefu wa herufi na tarakimu, Microsoft, na hatimaye Outlook Express. Folda hiyo inakiliwe nzima nzima. Wapo wanaochagua faili ya barua zilizoingia na ile ya zilizotumwa wakaacha Folders.dbx, wakidhani haina maana kwa kuwa ni ndogo. Kumbe ndiyo inayobeba mpangilio wa folda zote, na bila hiyo uhamishaji hukwama. Kitabu cha anwani ni faili ya .wab na hukaa mahali pengine, chini ya Application Data, katika folda ya Address Book.

Kinachohitajika baada ya hapo ni msoe.dll kutoka Windows Vista. Ikiwa kuna kompyuta yenye Vista inayowaka, faili inapatikana katika folda yake ya Windows Mail na inanakiliwa kwa urahisi. Iwapo kuna diski ya Vista pekee, faili haionekani wazi, kwani imefungwa ndani ya faili kubwa iitwayo install.wim, programu ya bure ya 7-Zip huifungua. Sharti aina ilingane: Windows 7 ya biti 32 inataka faili ya Vista ya biti 32, na ya biti 64 vivyo hivyo. Kompyuta ya biti 64 ina folda mbili za Windows Mail, moja katika Program Files na nyingine katika Program Files (x86), na faili ya biti 64 inakwenda katika ile ya kwanza.

Zipo tovuti zinazogawa faili za .dll bure kwa yeyote azitakaye. Ni afadhali kuziepuka. Faili ya aina hii ikishawekwa ndani ya mfumo hutenda kwa mamlaka ya programu inayoiita, na mwenye kompyuta hana njia nyepesi ya kujua kama imetiwa sumu. Isitoshe, faili ni mali ya Microsoft, na mwenye leseni halali ya Vista yuko mahali salama zaidi kisheria kuliko anayeiokota mtandaoni.

Kazi yenyewe haichukui nusu saa. Kwanza, katika mipangilio ya folda, kompyuta iagizwe ionyeshe faili zilizofichwa na pia zile za mfumo zinazolindwa. Pili, folda ya Windows Mail ifunguliwe na msoe.dll itafutwe. Jaribio lolote la kuibadilisha litakataliwa, hata kwa msimamizi wa kompyuta, kwa sababu mmiliki wake ni huduma ya mfumo iitwayo TrustedInstaller. Kwa hiyo ni lazima kubofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kufungua sifa zake, kuingia sehemu ya usalama na kisha mipangilio ya ndani zaidi, kuhamisha umiliki kwa jina la msimamizi, kufunga, kufungua tena na kujipa ruhusa kamili. Umiliki na ruhusa ni vitu viwili. Wanaopata umiliki wakasahau ruhusa hukataliwa tena na kudhani wamekosea mwanzo.

Faili ya zamani isifutwe. Ipewe jina jingine, kwa mfano msoe.old, ndipo ile ya Vista iwekwe katika nafasi yake. Kisha WinMail.exe ibofywe. Kila kitu kikiwa sawa, programu itafunguka na kuunda hifadhi yake katika folda ya mtumiaji, chini ya AppData, Local, Microsoft, Windows Mail. Njia ya mkato inaweza kuwekwa kwenye meza ya kazi ili kuepuka kurudi katika folda hiyo kila mara.

Ukarabati huu haudumu milele. Mfumo ukikaguliwa kwa amri ya sfc, Windows huona faili ngeni na kuirudisha yake. Sasisho kubwa nalo laweza kufanya hivyo. Wenye kufufua Windows Mail huitunza faili ya Vista mahali pa salama ili kuirejesha pindi programu inapogoma tena.

Kuingiza barua za Outlook Express ni hatua nyepesi: orodha ya faili, kuingiza ujumbe, kuchagua Outlook Express 6, kisha kuonyesha folda iliyonakiliwa. Kikwazo cha mara kwa mara ni nakala iliyotoka katika CD. Faili zilizochomwa kwenye diski hizo huja na alama ya kusomwa tu, na programu hushindwa kuzifungua huku ikitoa ujumbe usioeleza chochote cha maana. Alama hiyo iondolewe katika sifa za folda na tatizo huisha. Kitabu cha anwani huingizwa peke yake, na kila anwani huwa faili ya .contact. Manenosiri hayahamishwi na barua. Yasiyokumbukwa hayana budi kuombwa upya.

Katika Windows XP yenyewe hakuna haja ya kuazima faili. Outlook Express ilikuwa sehemu ya mfumo, na aliyeiondoa kupitia orodha ya vijenzi vya Windows alikuwa ameficha tu njia za kuifikia. Kuweka alama katika orodha hiyo hiyo huirejesha. Ikiwa faili zake zimeharibika, huwekwa upya kwa kubofya msoe50.inf, iliyomo katika folda ya inf ndani ya Windows, kwa kitufe cha kulia na kuchagua kuiweka, diski ya XP ikiwa karibu.

Kusoma barua za zamani ni jambo moja, kutuma na kupokea mpya ni jingine, na hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Windows Mail haijui njia za leo za kumtambua mtumiaji. Inajua jina na nenosiri basi. Google ilifunga njia hiyo kwa akaunti za kawaida Mei 30, 2022, ingawa mwenye akaunti anayetumia uthibitisho wa hatua mbili anaweza kuomba nenosiri maalumu la herufi 16 kwa ajili ya programu ya aina hii. Seva ya kupokea huwekwa katika mlango wa 995 kwa POP3 au 993 kwa IMAP, na ya kutuma katika 465, zote zikiwa na usimbaji. Microsoft imekaza kamba zaidi: tangu Septemba 16, 2024 akaunti za Outlook.com hazikubali nenosiri tupu, hivyo programu ya kampuni hiyo haiwezi kufungua sanduku la barua la kampuni hiyo hiyo.

Kuna pia suala la usimbaji wenyewe. Matoleo ya 1.0 na 1.1 ya TLS, kinga inayofunika barua zikiwa safarini, yalitangazwa kuwa yamepitwa na wakati Machi 2021, na seva nyingi huyakataa. Windows XP haina TLS 1.2. Windows 7 inayo, lakini haikuwashwa tangu kiwandani.

Zaidi ya hayo, Microsoft iliacha kuihudumia Vista Aprili 11, 2017 na Windows 7 Januari 14, 2020. Windows Mail huonyesha barua zenye picha na mapambo kwa kutumia injini ya Internet Explorer, nayo ilikuwa shabaha ya wahalifu wa mitandao kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo, matumizi ya busara ya programu iliyofufuliwa ni kama ufunguo wa kabati la zamani: ifunguliwe kompyuta ikiwa imetengwa na intaneti, barua zihamishwe, kazi iishie hapo. Katika kuzitoa, inatosha kuchagua barua zote za folda na kuziburuta hadi folda ya kawaida ya kompyuta. Kila moja hutua kama faili ya.eml.

Kwa barua mpya, Thunderbird ya Mozilla ingali ikiendelezwa tangu toleo lake la kwanza kamili la Desemba 2004, na inajua njia mpya za utambulisho. Toleo la 115, la mwaka 2023, ndilo la mwisho linalokubali Windows 7. Faili za .eml zilizotolewa hukokotwa tu hadi ndani ya folda zake. Wenye kumbukumbu nyingi waanze na folda moja ndogo na kulinganisha idadi ya barua pande zote mbili kabla ya kuhamisha zilizobaki, na kompyuta ya zamani isiuzwe wala kufutwa diski yake mpaka hesabu hiyo ikubaliane na viambatisho kadhaa vimefunguliwa na kuonekana vizima.